Kompyuta Niliyoiacha Wazi kwa Mama Simiyu

Kabla hamjaniuliza tena kama kompyuta ya mezani ifungwe ndani ya kasha lake au iachwe wazi, njooni kwanza mguse vidole hivi viwili vya mkono wangu wa kulia. Chomeni na sindano mkitaka. Sisikii kitu. Sasa kaeni chini niwaambie, maana swali lenu nimelisikia mpaka limenichosha, na jibu lake silipendi.

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Komarock Jumamosi mnanifurahisha, lakini mna midomo. Mmoja wenu amepigilia madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ukutani kama picha ya harusi, taa za kijani na zambarau zinametameta, anaishi na mdogo wake wa darasa la pili katika chumba hicho hicho. Juzi aliniambia, "Mzee, kasha ni ya watu wa kitambo. Mashine inafaa ipumue." Nilinyamaza, akadhani nimeshindwa. Ukweli ni kwamba maneno hayo ni yangu. Niliyaimba miaka mingi kabla ya kuzaliwa kwenu, na niliwauzia watu wazima wenye akili zao.

Kibanda changu kilikuwa karibu na Soko la Burma, nyuma ya wachoma nyama. Nilikuwa nikifungua kompyuta ya mteja wa pale nakuta vumbi limeshikana na mafuta ya mbuzi kwenye mapanga ya feni, na mteja mwenyewe anameza mate kwa harufu. Nimetoa mende ndani ya makasha kwa vijiko. Nimewahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe alisema inanuka omena ikiwaka, kumbe panya alijilaza juu ya kipoza joto akakaukia hapo. Aliyenifundisha haya yote alikuwa Mzee Makokha, fundi wa redio kutoka Bungoma aliyeingia kwenye kompyuta akiwa na mvi tayari. Alikuwa mtu wa maneno machache na ulimi mkali. Ukimaliza kazi ukabaki na skurubu mbili mezani, anakuuliza kwa upole, "Hizo ni za kupika?" Na mteja haondoki mpaka zirudi zilikotoka.

Siku moja nilihamisha madabodi ya mteja kutoka kasha bovu hadi kasha lingine. Juu ya meza ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Nikiifunga ndani, inakufa. Nikiitoa, inafufuka. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, jasho linanitiririka, mteja ananiangalia kama mwizi. Mzee Makokha alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa waya, akachungulia ndani ya kasha, akacheka. Ndani ya kasha kuna vijiguu vya shaba ambavyo madabodi huvikalia ili isiguse bati. Mimi niliacha kijiguu kimoja cha ziada mahali ambapo madabodi ile haikuwa na tundu, kikawa kinaichoma mgongoni na kupitisha stima pasipofaa. Alikifungua kwa koleo, mashine ikawaka.

"Kasha halina makosa," akaniambia. "Ni wewe hukuangalia."

Ningesikia hayo yote mawili, leo ningekuwa na vidole kumi vinavyosikia. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshafanya uamuzi. Nilichukia makasha tangu siku hiyo. Mzee Makokha alipostaafu akarudi Bungoma, hakukuwa na mtu wa kunizuia, nikaanza kuwaachia wateja mashine zao zikiwa wazi. Kompyuta inapata joto? Toa kasha. Feni inapiga kelele? Toa kasha. Nilikuwa naiweka madabodi juu ya katoni kavu au ubao, na hapo nilikuwa sawa. Katoni au ubao, msije mkaiwasha juu ya ule mfuko wa kung'aa inaonunuliwa nao, maana mfuko ule kwa nje unaweza kupitisha stima. Hili nawapa bure.

Kuna kitu kimoja zaidi. Madabodi ikiwa nje ya kasha haina kitufe cha kuwashia. Pembeni kuna vijiti viwili vidogo, na ukivigusanisha na ncha ya bisibisi, mashine inaamka. Mafundi tulilionea fahari jambo hilo. Mteja anakuona unagusa tu kidogo na bisibisi, feni zinaanza, anakuita profesa. Stima ya hapo ni ndogo, haimuumizi mtu, kwa hiyo niliwafundisha wateja wajiwashie wenyewe.

Mama Simiyu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na chumba cha mabati Mukuru kwa Reuben, mbele anachapia watu barua na mitihani ya shule ndogo ndogo za pale, nyuma ya pazia analala yeye na mjukuu wake Nekesa. Binti yake, mamake Nekesa, alikuwa akifanya kibarua kiwandani na kurudi jioni. Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, anatambaa kwa kasi utafikiri anafukuzwa, na ukimwita ndio anazidi. Mama Simiyu hakuwa na bisibisi. Alikuwa akiwasha kompyuta yake kwa mkia wa kijiko cha chai, na nilipoona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Si inawaka, Fundi?" akaniuliza.

"Inawaka, Mama."

"Basi wacha kunicheka."

Jumatano moja aliniita. Ilikuwa wiki ya mitihani ya mwisho wa muhula, walimu wamejipanga mlangoni na karatasi zao, na mashine inazimika kila baada ya dakika kumi. Mabati ya Mukuru saa saba mchana mnayajua. Nilishika pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea stima ya ukutani na kuigawa kwa mashine, nikakuta linachoma. Feni yake ya ndani ilikuwa imekwama. Sikuwa na nyingine. Basi nikafanya jambo ambalo lingemfanya Mzee Makokha anipige kichwani. Nilifungua skurubu nne, nikatoa kifuniko cha pawa saplai yenyewe, nikaelekeza feni ya meza ipulize ndani moja kwa moja.

Nisikilizeni hapa, hata kama mtasahau mengine yote. Madabodi iliyo wazi ikiguswa, mara nyingi inayoumia ni mashine. Pawa saplai iliyo wazi ikiguswa, anayeumia ni mtu. Mle ndani kuna stima nzima ya ukutani, na kuna kapasita zinazoihifadhi hata ukishachomoa waya. Yale mabapa ya alumini mnayoyaona yamesimama katikati, katika pawa saplai nyingi za bei rahisi yana stima hai, kompyuta iwe imewaka au imezimwa. Nilijua haya yote. Nilimwambia Mama Simiyu, "Hii usiiguse, iko juu ya meza, mtoto hafiki. Kesho narudi na feni." Kifuniko nikakitia kwenye begi langu kisipotee.

Kesho yake nikapata kazi Umoja. Ijumaa ikanyesha. Msinipe visingizio nilivyojipa mwenyewe, nimeshavihesabu vyote na havitoshi.

Jumamosi saa sita nilikuwa Burma na Otieno, jamaa aliyekuwa akiuza nyaya na chaja kando ya kibanda changu. Tumeagiza mbavu, ugali umefika, namwambia hadithi zangu za mashine zinazopumua. Akawa anatafuna, kisha akasema:

"Buda, hiyo ya Mama Simiyu hujamaliza? Nilipita hapo asubuhi kuprint barua."

"Nitaenda Jumatatu. Kwani imezima?"

"Haijazima, inachapa tu. Ameishusha chini."

"Chini wapi?"

"Kwa simiti. Meza ilichukuliwa na majirani, wako na matanga. Anasema afadhali chini, kuna baridi. Hako katoto kanaizunguka tu hivi."

Nilisukuma sahani kando. Nikampigia Mama Simiyu simu. Haikupatikana. Nikapiga tena, nikapiga tena, vidole vyangu vya mafuta vinateleza kwenye simu, na sauti ya yule dada wa mtandao inaniambia kwa adabu nijaribu baadaye. Otieno akaniuliza kuna nini. Nikainuka na begi langu. Aibu na woga vilinijia pamoja, na nawaambia ukweli, kwa sekunde chache aibu ilikuwa mbele.

Nilichukua pikipiki. Nilimwambia kijana aendeshe, anipeleke Reuben, asiniulize kitu. Nilikuwa nimelishikilia begi kifuani na ndani yake kile kifuniko kinanigonga mbavu kila tukipita shimo. Tulipofika upande wa viwandani tukakuta malori mawili yamefungana njiani, madereva wameshuka wanatukanana. Nikaruka nikaanza kukimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na tumbo, na nusu ya ugali.

Kwenye kona ya kuingilia kwa Mama Simiyu niliona kinyozi amekaa nje ya kibanda chake na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Wanangoja.

"Stima imepotea?" nikamwuliza.

"Kitambo kidogo. Sa hii itarudi."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Hata mimi nilipumua kwa hatua mbili tatu. Kisha nikakumbuka jinsi tunavyoishi huku kwetu. Stima ikipotea, nani huzima swichi? Hakuna. Tunaacha kila kitu kimewashwa ili tujue ikirudi. Na stima ikiwa haipo, mama aliyemkataza mtoto asisogelee mashine asubuhi nzima anasema, sasa hapo haina neno, imekufa. Anatoka kuteka maji. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo saa niliyokuwa nakimbilia.

Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Nekesa kabla macho hayajazoea giza la ndani. Alikuwa ameketi kwenye simiti, miguu mitupu, mgongo wake kwangu, na kijiko cha chai mkononi. Alikuwa anagongagonga madabodi pembeni, pale pale nyanyake anapogusa. Mashine ikawa haiamki. Akagonga tena, akakitazama kijiko, kisha akageuka kidogo upande wa kulia, kwenye lile sanduku lililo wazi.

Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia kwa sababu nilikuwa namjua mtoto yule: ukimwita anacheka na kuharakisha. Soketi ilikuwa ukutani upande wa pili, mbele yake, hatua nne au tano. Mtoto alikuwa hatua tatu. Nikavua viatu ili asinisikie. Sijui kwa nini nilifikiri nina muda wa kuvua viatu, lakini nilivivua, na kwa hilo pia huwa najilaumu, maana fundi yeyote anajua viatu vya mpira ni ndugu yako.

Nikapiga hatua ya kwanza. Nikapiga ya pili. Kijiko kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa sanduku, kinakwaruza chuma.

Nje, kutoka vichochoro vya mbali, watoto wakaanza kushangilia, "Stima! Stima imerudi!" Kelele zikaja zinapanda kuelekea kwetu, na ile feni ya meza pembeni yangu ikaanza kuzunguka.

Nilimdaka kwa gauni kwa mkono wa kushoto, nikamrusha nyuma kitandani kupitia pazia, na kijiko kikaenda zake. Lakini nilikuwa nimeinama mno. Nilipepesuka, nikatanguliza mkono wa kulia ili nisianguke, na mkono ukatua ndani ya sanduku.

Sitawapambia. Ilikuwa kama kupigwa nyundo kwenye kiwiko kutoka ndani. Niliona mabati ya paa, kisha nikaona mabati ya paa tena, na nikajua niko chali. Sikuweza kusema. Kitu cha kwanza nilichosikia ni Nekesa akilia nyuma ya pazia, kilio kikubwa cha hasira cha mtoto aliyenyang'anywa kitu chake, nami nikalia pia hapo sakafuni, mtu mzima, nikinuka nyama iliyoungua ambayo ilikuwa yangu.

Mama Simiyu aliingia na mtungi wa maji. Akaniona, akaona kijiko, akaona mtoto, akaelewa nusu. Aliuangusha mtungi pale mlangoni, akazima swichi ya ukutani. Alimshika Nekesa akamkagua mikono, miguu, ulimi. Kisha akapiga magoti kando yangu akaushika mkono wangu ulioungua.

"Mungu amekutuma, Fundi," akasema. "Ni Mungu tu. Ungechelewa kidogo, ningezika huyu mtoto."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulikuwa umerudi, ulimi ulikuwa unafanya kazi. Nikasema, "Asante, Mama."

Jumapili yake alinipeleka kanisani kwao, ukumbi wa mabati pale pale mtaani. Alitoa ushuhuda. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba niliacha chakula Burma, mengine akayajaza mwenyewe. Alisimulia jinsi fundi alivyosikia sauti moyoni akiwa mezani anakula, akaacha chakula, akakimbia. Waliniambia nisimame. Nilisimama na bandeji yangu, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja wa mstari wa mbele akajifuta machozi. Nimefanya mambo mengi ya kijinga katika kazi hii, lakini hakuna kilichonichafua kama makofi yale. Usiku sikulala, na mchana sikufanya kazi.

Siku tatu baadaye nilirudi na pawa saplai mpya na kasha zima la chuma. Nilikuwa natoa vifaa kwenye begi, naviweka chini kimoja kimoja. Mama Simiyu alikuwa amembeba Nekesa, ananiangalia.

"Hicho ni nini?" akauliza.

Kilikuwa kile kifuniko. Nilisahau kukitoa.

"Ni kifuniko cha ile pawa saplai ya zamani."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwa begi yangu."

"Tangu lini?"

Nilitazama skurubu zangu. "Tangu ile Jumatano, Mama."

Nekesa alikuwa akivuta kitambaa cha kichwa cha nyanyake, naye Mama Simiyu hata hakumtoa mkono.

"Kwa hivyo hiyo kitu ilikuwa inafaa kufunikwa."

"Ndiyo."

"Na ulijua inaua."

"Nilijua."

"Usiku nilikuwa namlaza hapa karibu ndio apigwe na hiyo feni," akasema. "Hapa, Fundi. Hivi." Akanionyesha umbali kwa mkono, na haukuwa umbali. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Walikupigia makofi," akasema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Jumapili utasimama tena."

Nilisimama. Nilieleza yote, Jumatano, kifuniko, kazi ya Umoja, mbavu za Burma. Sikusema nilisikia sauti yoyote moyoni, nilisema nilisikia Otieno. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji aliinamisha kichwa. Nilikaa chini, na nilijua kazi yangu mtaani imekwisha.

Ibada ilipoisha nilitoka haraka ili nisisalimiane na mtu. Mwalimu mmoja wa kwaya akanifuata mpaka kwenye mtaro.

"Fundi, pole," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa, ile ya kwangu. Si ulinifungulia pia, ile siku ya joto?"

Nyuma yake alikuwa amesimama dada mwenye kibanda cha kuchaji simu. Nyuma ya dada, mzee wa mstari wa mbele, yule aliyelia. Wote walikuwa wananitazama bila chuki, na hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa wanangoja niwaambie kama nyumba zao zina kitu cha kuua.

Sikukumbuka. Mnanielewa, vijana? Sikuweza kukumbuka ni za nani nilitoa kasha tu, na za nani nilitoa hadi kile kifuniko cha ndani. Zilikuwa nyingi mno, na kila moja niliiacha nikicheka.

Mama Simiyu alitoka kanisani akatukuta tumesimama hivyo. Alimfunga Nekesa mgongoni kwa leso, akavuta fundo mara mbili, akaokota begi langu la vifaa nililolitua miguuni, akalitia katika mkono wangu mzima. Kisha akatangulia. Tulizunguka mchana ule wote, mlango kwa mlango, mimi nafunika, yeye ameniinamia anatazama kila skurubu inavyoingia. Kila tulipofika kwenye mlango mpya, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza kompyuta iko wapi, aliwauliza wenye nyumba kitu kimoja tu:

"Hapa kuna mtoto?"